Sufuria ya Stenlesi Nayo Hushika Kutu: Namna ya Kuitunza Ukipika kwa Oda

Somo la leo ni letu sisi tunaopika nyumbani na kuuza mtandaoni: juisi ya ukwaju, rozela, ubuyu wa sukari, achari, togwa, supu. Tunahangaika na picha nzuri, lebo nzuri na chupa nzuri. Lakini sufuria, ambayo ndiyo kiwanda chetu, tunaiosha usiku tukiwa hoi, tunaigeuza kifudifudi, basi. Mwezi wa tatu unaona madoa ya rangi ya chai ndani ya chombo ulichoambiwa hakishiki kutu, juisi inachacha kabla ya siku zake, na mteja anakutumia ujumbe: "Dada, ya leo ina ladha ya chuma."

Mimi napikia hapa Tanga mjini, na swali hili la kutu linaniijia inboksi mara kwa mara. Wengi wanadhani wameuziwa feki. Wengine kweli wameuziwa kitu hafifu, lakini wengi sufuria yao ni nzima kabisa, shida ni namna inavyooshwa na mahali inapokaa. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, naye ni chumvi. Soma mpaka mwisho, kisha kaiangalie sufuria yako.

KWA NINI ISISHIKE KUTU, NA KWA NINI HUSHIKA

Chuma cha pua, ambacho sokoni tunakiita stenlesi, ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu, si chini ya asilimia 10.5. Kazi yake ilipata umaarufu mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, pale Harry Brearley alipokuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisichoisha haraka. Kromiamu ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, huwezi kuiona kwa jicho. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza, inajirudisha yenyewe ili mradi pale pasafi na panapata hewa.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Unachotunza wewe ni hiyo ngozi. Ukiacha ukoko, mafuta au ukoga umefunika chuma, hewa haifiki, ngozi haijirudishi. Na kitu kinachoivunja kuliko vyote ni kloraidi, iliyomo kwenye chumvi ya mezani, maji ya bahari, maji ya kisima cha pwani na dawa za kung'arisha nguo kama Jik. Kloraidi haili sufuria nzima kwa pamoja. Inachimba vishimo vidogo vidogo kama vya sindano, na kila kishimo kinazidi kwenda chini.

Kwa hiyo usishangae mwenzako wa Arusha sufuria yake inang'aa miaka mitano na yako ya Tongoni au Pangani ina madoa mwaka wa kwanza. Upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka jikoni.

KABLA HUJANUNUA, IJUE STENLESI YAKO

Stenlesi si moja. Geuza sufuria uangalie kitakoni.

304, au 18/8: ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Hii ndiyo ya kupikia juisi za uchachu na kupikia kwa biashara.

430, au 18/0: haina nikeli ya maana. Inafaa kwa mambo mengi ya jikoni lakini kwa chumvi na uchachu inachoka mapema.

201: nikeli imepunguzwa, ikawekwa manganizi. Ni ya bei nafuu na inang'aa sana ikiwa mpya, ila hewa ya bahari haiivumilii sana.

316: imeongezwa molibdenamu, inastahimili chumvi kuliko zote hizi. Ni ghali na hutaikuta kila duka.

Watu watakwambia upime kwa sumaku. Kipimo hicho kinasaidia nusu tu. Sumaku ikinata kwa nguvu ubavuni, hiyo huenda ni 430. Isiponata, inaweza kuwa 304 au 201, zote mbili hazivuti. Halafu kuna sufuria ambazo kitako kimewekewa bamba linalovuta sumaku makusudi ili zifae kwenye majiko ya umeme ya kisasa, kwa hiyo pima ubavuni, sio chini. Angalia na unene, uzito, na sehemu mikono ilipochomelewa. Mchomeleo uliojaa weusi na mashimo ndiko kutu itakapoanzia.

Na aluminiamu je? Kwa wali na chai watu wanaitumia miaka yote. Kwa ukwaju, rozela, ndimu na nyanya, uchachu unaila na ladha inabadilika. Zile zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu mimi nisingepikia chakula cha mteja, maana huwezi kujua ni chuma gani kiliingia kwenye tanuri.

SUFURIA MPYA: USIPIKIE SIKU HIYO HIYO

Sufuria mpya inakuja na mafuta ya kiwandani na unga mweusi wa kung'arishia. Sabuni peke yake haiutoi. Chukua kitambaa cheupe, tia mafuta ya kula kidogo, futa ndani yote. Kitambaa kikitoka cheusi, geuza upande mwingine, endelea mpaka kitoke safi. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, halafu chemsha maji yenye siki nyeupe, kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji, kama dakika kumi. Mwaga, suuza, futa ikauke. Hapo iko tayari.

KUOSHA KILA SIKU, KULINGANA NA ULICHOPIKA

Kosa linalojirudia ni kuosha kila kitu kwa njia moja, waya na nguvu. Kila uchafu una dawa yake.

1. Sukari: ubuyu, juisi, jamu. Sukari iliyoganda inayeyuka kwenye maji ya moto. Jaza maji mpaka yafunike ulipoishia ubuyu, weka jikoni, yakichemka zima moto, subiri. Itaachia yenyewe. Hakuna sababu ya kukwangua kwa kisu.

2. Wanga: togwa, uji, wali. Anza na maji ya baridi au vuguvugu. Maji ya moto yanaupika wanga uliobaki na kuugandisha zaidi. Ni hivyo hivyo kwa maziwa. Wapishi wa togwa mnajua, uji wa kimea unavyoshika chini. Loweka nusu saa kwanza, ndipo sabuni.

3. Mafuta: tui la nazi, supu, pilau. Hapa ndipo maji ya moto na sabuni vinafaa. Ukiona maji yanatelemka kwa matone badala ya kuenea, bado kuna mafuta.

4. Chumvi: achari, samaki, maji ya chumvi. Toa chakula mara tu kikimaliza kuiva, suuza papo hapo. Achari ya embe au ndimu ina chumvi na uchachu kwa pamoja, na hao wawili wakikaa usiku kucha ndani ya sufuria wanachimba. Ipike humo, lakini ikipoa ihamishie kwenye chupa za kioo au ndoo za plastiki za chakula. Ukiwa unachemsha kitu chenye chumvi, subiri maji yachemke ndipo uitie, ukoroge. Ukiitupa kwenye maji baridi inatua chini na kukaa hapo ikila kitako.

Cha kusugulia: dodoki, makumbi ya nazi yaliyolainishwa, sponji, au nyuzi za katani. Sisi Tanga mkonge uko kwetu tangu 1893, hatuna haja ya kuogopa kukosa brashi. Sugua kufuata mistari ya chuma chenyewe, si kwa kuzungusha.

Cha kuacha: stili waya. Inaacha chembe za chuma cha kawaida zimenata kwenye stenlesi, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu siku ya pili. Yale madoa ya kahawia unayoyaona mara nyingi si ya sufuria, ni ya waya wako. Acha na mchanga. Majivu yaliyochekechwa tumia nje tu kwenye masizi. Kwa wanaopikia kuni, paka sabuni ya mche iliyoloweshwa nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni. Masizi yatashika sabuni badala ya chuma, na ukimaliza yanatoka kwa maji.

Maji ya kusuuzia: kama una maji ya bomba, tumia hayo kwa suuza ya mwisho. Kama una kisima cha maji ya chumvi tu, osha nayo kwa shida, lakini suuza ya mwisho tafuta maji ya mvua au ya bomba hata lita mbili. Na usiache sufuria ikaukie yenyewe. Tone la maji ya chumvi likikauka, maji yanaondoka, chumvi inabaki pale pale. Futa kwa kitambaa kikavu. Dakika moja hiyo ndiyo inayotofautisha sufuria za mjini kwetu.

MADOA: JIFUNZE KUYASOMA

Ukoga mweupe kama chokaa: huo ni wa maji magumu, unashika sana kwenye mabirika na masufuria ya kuchemshia maji. Tumia siki, ndimu, au sitriki asidi, ule unga unaouzwa maduka ya vifaa vya keki na juisi. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, pasha yawe moto bila kuchemka sana, acha dakika 20 hadi 30, sugua kidogo, suuza.

Rangi za upinde wa mvua, bluu na dhahabu: ni joto tu limeongeza unene wa ile ngozi. Haidhuru chakula. Siki inaitoa, ila ukiiacha pia ni sawa. Wapige picha upande mwingine.

Ukoko mweusi ulioungua: maji kina cha vidole viwili, vijiko viwili vitatu vya magadi soda ya unga, ile inayotiwa kwenye keki na maandazi, chemsha robo saa, zima, acha ipoe. Kwangua kwa mwiko wa mti. Ukibaki, rudia. Usimwage maji ya baridi kwenye sufuria iliyoungua ikiwa bado ya moto, kitako kinajipinda na baada ya hapo itakuwa inaunguza upande mmoja daima.

Kutu ya kahawia ya juu juu: tengeneza uji mzito wa magadi soda na maji, sugua kwa dodoki, suuza. Kisha fanya ile ya sitriki asidi, nusu saa. Suuza, futa, iache mahali penye hewa mpaka kesho. Unaipa nafasi ngozi ijirudishe. Usichanganye magadi na asidi kwa wakati mmoja, zinauana nguvu, unabaki na povu la kupendeza kwenye video lisilofanya kazi kubwa.

Vishimo vyeusi: pitisha ukucha. Ukinasa, hicho ni kishimo, na hakuna dawa ya kukijaza. Uchafu unajificha humo, brashi haifiki. Sufuria hiyo iondoe kwenye juisi na achari, ibaki ya kuchemshia maji ya kuoshea. Najua inauma, lakini sifa yako ni ghali kuliko sufuria.

JIK NA WENZAKE: HAPA TUELEWANE

Wengi tunapenda kuloweka vyombo kwenye Jik usiku kucha "kuua vijidudu". Kwa sufuria ya stenlesi usifanye. Klorini ndiyo ile ile inayochimba vishimo. Kama huna njia nyingine, iwe kidogo kwenye maji mengi, dakika chache, kisha suuza sana.

La muhimu zaidi ni usalama wako: Jik isikutane kamwe na siki, ndimu wala sitriki asidi. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Jikoni kwetu ni kudogo, dirisha moja, mtoto yuko mgongoni. Weka chupa hizo mbali, na ukitumia moja leo, nyingine isubiri siku nyingine.

Kuua vijidudu kwenye sufuria ni rahisi kuliko tunavyodhani. Maji yanayochemka. Lakini kwanza isafishwe, kwa sababu maji ya moto juu ya uchafu yanaupika uchafu tu. Chemsha maji ukiwa umefunika, yakitokota acha dakika tano, mvuke ufike mpaka kwenye mfuniko na ukingoni. Tumbukiza humo mwiko, upawa, na chujio la chuma. Fanya asubuhi kabla ya kupika, sio jana usiku.

KOKI: NYUMBA YA UCHACHU

Hii sehemu ni ya wale wenye masufuria au mabirika yenye koki chini, ya kumiminia juisi kwenye chupa. Ukiniambia juisi yako inachacha siku ya pili wakati wa mwenzako inakaa, na mapishi ni yale yale, swali langu la kwanza ni moja: koki uliifungua lini?

Ndani ya koki kuna uwazi ambao juisi inabaki hata ukimwaga yote. Kuna uzi wa nati, kuna washa ya mpira. Sukari, joto la Tanga, siku moja, umeshafuga hamira na utelezi humo. Kesho juisi mpya ya moto ikipoa na kupita hapo, inabeba mbegu za kuchacha mpaka kwenye kila chupa. Sufuria inang'aa, picha inapendeza, ugonjwa uko kwenye koki.

Kila ukimaliza kupika kitu cha sukari:
- Pitisha maji ya moto yenye sabuni kwenye koki ikiwa wazi, ifunge na kuifungua mara kadhaa, kisha maji safi.
- Angalau mara moja kwa wiki ifungue kabisa kwa spana. Loweka vipande kwenye maji ya moto na sabuni, sugua uzi kwa mswaki mpya uliotengwa kwa kazi hiyo.
- Angalia washa. Ikiwa imepasuka, imelegea au inanuka hata baada ya kuoshwa, badilisha. Nunua mbili tatu uweke akiba.
- Toa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ya zamani, funga mpya.
- Rudisha, jaza maji, chemsha, fungua koki maji yanayochemka yapite. Angalia mkono usiungue.

Koki yenyewe nayo ikague. Zingine zimepakwa rangi ya kung'aa tu, ndani ni chuma kingine, na ukwaju unaibandua. Ukiona inameguka, tafuta ya stenlesi kamili.

MAHALI PA KUWEKA

Isikae chini sakafuni, isikae dirishani linaloelekea bahari, isifunikwe ikiwa na unyevu. Usizipachike moja ndani ya nyingine zikiwa mbichi, hewa haipiti. Weka kitambaa kikavu katikati. Chumvi ya mawe isikae rafu moja na sufuria. Kama hupiki kwa wiki nzima, ipanguse vumbi na chumvi ya hewa kabla ya kuitumia, hata kama ilikuwa safi.

HESABU YA BIASHARA

Tuseme sufuria umenunua shilingi 90,000. Ikifa baada ya miezi 6, imekugharimu 15,000 kila mwezi. Ikiishi miaka 5, yaani miezi 60, ni 1,500 kwa mwezi. Tofauti ni 13,500 kila mwezi, na dodoki, siki na kitambaa havifiki huko. Na bado hujahesabu mtungo mmoja wa juisi uliochacha, chupa, lebo, nauli ya boda, na wateja waliohama kimya kimya bila kukwambia.

Pia kama unawaza kukua, vyombo vyako vitaangaliwa. Tangu 2019 masuala ya usajili wa vyakula yako TBS, na wengi wetu tunaanzia SIDO kupata mwongozo. Mkaguzi akija hataangalia ukurasa wako una wafuasi wangapi. Ataangalia sufuria, koki, na unavihifadhi wapi.

Neno kwa mnaouza masufuria yenyewe mtandaoni: acheni kuandika "haishiki kutu milele". Andika daraja lake kama unalijua, andika "isioshwe kwa stili waya wala Jik, ikaushwe baada ya kuosha". Mteja aliyeelezwa anatunza, na aliyetunza anarudi kununua ya pili. Uliyemwahidi milele atarudi na picha ya kutu, na ataiweka hadharani.

KWA KIFUPI, BANDIKA UKUTANI

Kila siku: loweka kulingana na ulichopika, dodoki na sabuni, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, futa ikauke.
Kila asubuhi ya kupika: maji yanayotokota dakika tano, koki wazi.
Kila wiki: fungua koki, kagua washa.
Kila mwezi: sitriki asidi au siki, kisha pitisha ukucha kutafuta vishimo.
Kamwe: stili waya, mchanga, achari kulala ndani, Jik na siki pamoja.

Kama sufuria yako ina doa hulielewi, piga picha mchana kwenye mwanga, weka kwenye komenti, useme ulipika nini na uliosha na nini. Tutalisoma pamoja. Na umtumie posti hii mwenzako anayepika kwa oda, maana chupa mbovu ya mmoja inawafanya wateja watuogope wote.